Miti ya Kwetu: Mkoko, Mti Usiochukia Maji

Baadhi ya wasomaji wetu wa upande wa Kwale wametuuliza habari za mti uitwao mwaloni, na kama waweza kupandwa katika nchi ya majimaji. Jina hilo Wakristo wengi wamekutana nalo katika Biblia, mahali panaposimuliwa habari ya Ibrahimu na mialoni ya Mamre. Na wengine walisikia shuleni kwamba Waingereza wa zamani walijengea merikebu zao mti huo. Jibu letu ni fupi. Mwaloni ni mti wa nchi za kaskazini, na Afrika ya Mashariki haina mwaloni wake wa asili. Ni kweli kwamba huko Marekani, upande wa mashariki, iko aina moja ya mwaloni inayostahimili kinamasi. Lakini hicho ni kinamasi cha maji matamu, katika nchi yenye theluji. Mtu wa Msambweni akiagiza mbegu zake atajisumbua bure, maana mti wa kwao uliozoea maji, tena maji ya chumvi, anaupita kila siku akienda ufuoni. Mti huo ni mkoko.

Kwanza tuufananishe na mwaloni, msomaji asije akadhani twafanya mzaha. Mwaloni husifiwa kwa uzito na ugumu wake. Gogo la mkoko mbichi likitupwa majini huzama, na likikauka humtoa jasho mwenye shoka. Kabla ya saruji na chuma kuenea, nyumba ya pwani, iwe ya tajiri au ya maskini, ilisimama kwa nguvu za mti huu. Wafanya biashara waliipanga miti kwa unene wake na kuipa kila daraja jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na majina hayo fundi yeyote wa Ukunda au Vanga huyataja hata leo bila kufikiri. Majahazi yalipakia boriti Lamu na Rufiji yakazipeleka Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ni haba. Katika nyumba kuukuu za huko upana wa chumba haukufuata mapenzi ya mwenye nyumba. Ulifuata urefu wa boriti iliyotoka kwetu.

Lakini pana jambo moja ambalo watu wa bara, na hata watu wa pwani waliokaa sana ofisini, hulikosea. Neno mikoko hutumiwa kwa msitu mzima, kana kwamba ni mti wa namna moja. Sivyo. Katika pwani ya Kenya hutajwa aina 9, nazo ni mkoko wenyewe, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi, mkomafi dume, kikandaa na msikundazi. Mvuvi na fundi wa vyombo hawaichanganyi, kwa kuwa kila mmoja una kazi yake. Mchu na mlilana hutoa mataruma ya madau na majahazi, maana matawi yake hupinda yenyewe. Gome la mkandaa lilitumika kutengenezea ngozi. Mkomafi una mbao nzuri, na tunda lake ni kubwa na la mviringo, na mbegu zake zimebanana ndani kwa ustadi hata ukizitoa utashindwa kuzirudisha kama zilivyokuwa. Watoto wa pwani hupotezea alasiri nzima katika kazi hiyo.

Miti hii huishi mahali ambapo muhindi ungenyauka kwa siku chache. Mchu hunywa maji ya chumvi kisha huitoa chumvi kwa majani yake. Ulambe jani lake wakati wa kiangazi nawe utaionja. Mkoko una desturi nyingine: huizuia chumvi mlangoni, yaani mizizini. Tope la huko halina hewa, kwa hiyo mkoko hujiinua juu ya mizizi iliyopinda kama matao, na mchu huchomoza juu ya tope vijizizi vilivyosimama kama penseli, ili upate kupumua maji yanapokupwa.

Tena kila aina ina kimo chake cha maji, na neno hili ndilo tunalotaka msomaji alishike kuliko yote. Mtu akiingia hori ya Gazi kwa dau wakati wa maji kujaa, kwanza atakutana na mlilana, ambao husimama mbele kabisa na kupigwa na mawimbi. Nyuma yake ni mkoko, penye tope laini linalofunikwa na maji mara mbili kwa siku. Kisha ardhi huinuka kidogo, nao muia na mkandaa hushika zamu. Mwisho, karibu na nchi kavu, mahali ambapo maji hufika siku za bamvua tu na chumvi hukaukia juu ya mchanga, hupatikana kikandaa na mchu uliodumaa. Mchu una ajabu yake: hupatikana mbele karibu na bahari ukiwa mrefu, kisha huonekana tena nyuma ukiwa mfupi, na katikati wawaachia wengine. Msikundazi hutafuta ukingo ambako maji ya mto huchanganyika na ya bahari. Baina ya aina moja na jirani yake tofauti ya kimo cha ardhi huenda isizidi shubiri chache. Jicho la mgeni haliioni, lakini mti huijua.

Gazi tumeitaja kwa kusudi. Iko kiasi cha kilomita 50 kusini ya Mombasa, kando ya njia iendayo Msambweni na Lunga Lunga. Vitabu vya historia huitaja kwa ajili ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyekuwa na makao yake hapo katika karne ya 19. Mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi, huteremka mpaka hori hiyo, na msitu wake wa mikoko una ukubwa wa hekta 600 na zaidi. Katika miaka ya 1970 sehemu zake nyingine zilikatwa pia pia kwa kuni za kuchomea chokaa na matofali. Kuni za mkoko huwaka kwa moto mkali wa muda mrefu, na sifa hiyo ndiyo iliyouponza. Mwaka 1982 Serikali ilipiga marufuku kupeleka boriti za mikoko nchi za nje. Marufuku hiyo ilikuwa njema, lakini mahali palipokwisha kuwa uwanda mtupu marufuku haioteshi kitu. Mizizi iliyoshika tope imekufa, jua lapiga, chumvi yazidi, mchanga wasogea, na mbegu zinazoletwa na maji huondolewa na maji yale yale.

Mwaka 1991 wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambayo ina kituo chake hapo Gazi, walianza kuipanda upya pamoja na wenyeji. Mmoja wao alikuwa James Kairo, ambaye jina lake limefungamana na mikoko ya Kenya tangu wakati huo. Hawakupanda aina moja tu. Mlilana ulipelekwa mbele, mkoko penye tope lake, na mkandaa, muia na mchu zikajaribiwa kila moja katika kimo chake. Si yote iliyopona. Mbele, penye mawimbi, hasara ilikuwa kubwa. Lakini mahali pengi ilishika, na baada ya miaka kadha likaonekana jambo zuri kuliko lililotarajiwa: chini ya miti iliyopandwa ikaota miti ya aina nyingine ambayo hakuna aliyeipanda, na wanyama wa topeni wakarudi.

Twaisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu penginepo imekuwa kinyume. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 nchi ya Sri Lanka ilipanda mikoko mingi, kwa fedha nyingi na nia njema. Wataalamu waliokwenda kukagua baadaye walikuta sehemu kubwa imekufa, na katika baadhi ya mashamba haukubaki hata mche mmoja. Kosa kubwa lilikuwa la mahali. Mkoko ulichomekwa popote penye tope, kwa kuwa mbegu yake ni rahisi kuokota na rahisi kupanda, hata chini kabisa ambako maji hayaondoki kwa muda wa kutosha. Mti huu haulichukii jina la maji, lakini mche wake ukizamishwa mchana kutwa hufa maji kama mtoto wa mtu. Nasi kwetu tunayo desturi inayofanana na hiyo. Huja wageni wamevaa fulana mpya, hupanda mamia ya miche kwa asubuhi moja, hupigwa picha, huondoka; na hakuna arudiye kuihesabu. Mwandishi wa safu hii angependa picha moja tu, nayo ipigwe mwaka wa tatu.

Basi atakaye kupanda asiende na mbegu mara ya kwanza. Aende na macho. Afike siku ya bamvua, arudi siku ya maji mafu, atazame maji yanakoma wapi na yanakaa kwa muda gani. Atazame pia ni mti gani umesimama kwa kimo kile kile katika msitu ulio jirani, maana huo ndio utakaofaa. Kisha ajiulize kwa nini mahali pale hapana miti. Kama ni kwa sababu ya shoka, patapona. Kama ni kwa sababu tuta au barabara imeziba njia ya maji, kupanda ni kupoteza nguvu. Afadhali maji yafunguliwe kwanza, na mara nyingi yakirudi, nayo miti mama iko karibu, mbegu huja zenyewe bila mtu kuinamisha mgongo.

Mbegu ya mkoko ni kitu cha peke yake. Huota ingali juu ya mama yake, ikaning'inia kama mkuki wa kijani, na nyingine hufikia urefu wa dhiraa. Iliyokomaa hutambulika kwa pete ya manjano chini tu ya kofia yake, na huachia kwa kuguswa. Inayohitaji kuvutwa kwa nguvu haijawa tayari. Chagua isiyo na tundu la mdudu. Ichomeke wima, ncha iliyochongoka ikiwa chini, theluthi yake iingie topeni, na kati ya mche na mche pawe na nafasi ya mita moja hivi. Mkandaa na muia hupandwa vivyo hivyo, ingawa mbegu zao ni fupi zaidi. Mchu na mlilana ni kazi ya kitalu. Mbegu ya mchu hulowekwa mpaka ivue ganda lake ndipo ipandwe. Tunda la mlilana lililoiva hutoa mbegu ndogo ndogo nyingi, nazo zahitaji tope laini na uangalizi wa kila siku. Kitalu chenyewe kiwekwe mahali ambapo maji ya bahari yataweza kukinywesha, ili miche isishtuke siku ya kuhamishwa.

Maadui wako. Kaa hukata mche shinani usiku. Wanyama wadogo wenye magamba huuganda mpaka ukalemewa. Mwani na takataka huletwa na maji zikaulalia. Yapasa kurudi mara kwa mara, kuondoa takataka na kujaza mapengo.

Sasa tuje kwenye swali ambalo kila mkutano wa kijiji huuliza: faida yake nini, kama hatutakata? Habari za kamba, kaa, chaza na samaki wachanga wanaojificha mizizini wasomaji wa pwani wanazijua kuliko sisi, wala hawahitaji kuambiwa kwamba msitu huu huyavunja mawimbi kabla hayajafika nyumbani. Tutasema neno la fedha. Mti huvuta hewa ya ukaa, ile itokayo kwenye magari na viwanda, ukajengea mwili wake. Mikoko huendelea zaidi ya hapo: majani na mizizi iliyokufa huzikwa katika tope lisilo na hewa, isioze upesi, hata sehemu kubwa ya ukaa uliowekwa akiba iko chini ya ardhi wala si katika shina. Msitu ukikatwa na tope likivurugwa, akiba hiyo hurudi hewani. Wako watu na makampuni ya nchi za mbali waliokubali kulipa ili isiguswe.

Kwa njia hiyo watu wa Gazi na Makongeni walianza mwaka 2013 mradi uitwao Mikoko Pamoja. Walichukua hekta 117, yaani ekari 290 hivi, ambazo hekta 107 ni msitu wa asili na 10 ni msitu uliopandwa, wakaahidi kuzilinda kwa muda wa miaka 20 na kupanda miti 4,000 kila mwaka, kiasi cha ekari moja. Akiba inayouzwa imehesabiwa kuwa karibu tani 3,000 kwa mwaka. Katika miaka ya mwanzo malipo yalikuwa kama dola 12,000 za Marekani kwa mwaka. Mwenye hesabu atazigawanya dola hizo kwa watu elfu kadhaa wa vijiji viwili, aone kwamba hapana atakayenunua hata baiskeli. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hiyo hazikugawanywa mkononi. Zilielekezwa kwenye maji ya kunywa, vitabu na mahitaji ya shule, pamoja na ulinzi wa msitu wenyewe. Mwaka 2017 mradi huo ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakazindua wa kwao, mkubwa zaidi, wa hekta 460.

Hata hivyo haki yataka upande wa pili usikike. Kijana anayejenga nyumba yake ya kwanza Msambweni hawezi kuiezeka kwa hewa ya ukaa. Ahitaji boriti na fito, na mama yake ahitaji kuni za jioni ya leo. Msitu wa mikoko uliwekwa chini ya hifadhi ya Serikali tangu mwaka 1932, lakini wazee wake walikata kwa desturi, naye hakuona kwamba wao walikuwa wezi. Kumwambia asikate pasipo kumwonyesha mahali pengine pa kukata ni kumfundisha kukata usiku. Watu wa Gazi walilifahamu jambo hili, ndiyo sababu pamoja na mikoko wao hupanda mvinje katika nchi kavu, mti unaokua upesi kwenye mchanga na kunyooka vizuri kwa kujengea. Kwa maoni yetu shamba la mvinje ni nusu ya ulinzi wa mikoko, na mradi wowote usio nalo, hata ukiwa na walinzi hodari, twautilia shaka.

Na mkulima wa juu, aliye mbali na bahari, asidhani habari hii haimhusu. Mvua kubwa za El Nino za mwaka 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi hata mikoko mingi ya hori ya Mwache ikafukiwa mizizi ikafa imesimama, bila kuguswa na shoka. Vijizizi vile vya kupumulia vikifunikwa, mti umezibwa pua. Udongo ule ulitoka mashambani. Mtu alimaye mteremko wa Shimba bila kinga ya maji, au afyekaye mpaka ukingoni mwa Mkurumudzi, hupoteza rutuba yake mwenyewe, kisha humharibia mvuvi asiyemjua. Matuta yafuatayo usawa wa mteremko, na ukanda wa majani na miti usiolimwa kando ya mto, ni kazi ya msimu mmoja ambayo Bwana Shamba ataieleza kwa furaha akiulizwa.

Mwisho twawakumbusha wasomaji kwamba kukata mikoko, hata mti mmoja wa kutengenezea ngalawa, kwahitaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, na kwamba ni busara kukionyesha chama cha msitu cha kijiji kabla ya kuingia na panga. Wanaotaka mbegu za kupanda wakaulize kwa vyama hivyo, wala wasichume mikuki michanga kutoka mitini.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza jinsi ya kuotesha mvinje, kwa kuwa wasomaji wa Diani na Kinondo wenye mashamba ya mchanga wameuliza umbali wa kupandia, na kama wanaweza kulima kunde katikati yake katika mwaka wa kwanza.